Mbwa Tuliyemwita Hapana

Zama za ukoloni, kutoka Tabora hadi Tororo kule Uganda ilikuwa safari ya kumchosha hata mtu mwenye miguu isiyotulia kama yangu. Nilipanda treni mpaka Mwanza. Kutoka hapo nikavuka ziwa kwa meli, nimelala juu ya magunia ya karanga, jirani yangu mama mmoja aliyeanza kutapika Musoma na hakuacha mpaka tulipofunga gati Kisumu. Kisumu nikapata lori la mfanyabiashara wa Kihindi lililokuwa likipeleka chumvi na majembe mpakani. Tulikwama kwenye tope mara nyingi hivi kwamba nilipofika Busia viatu vyangu vilikuwa vimekuwa vya rangi moja na suruali.

Nilimwendea mtu aliyekuwa akiuza sigara kando ya barabara, nikamwambia, "Samahani bwana, naomba unielekeze nitakapopata gari la Tororo."

Yule bwana aliacha kupanga sigara zake. Akamgeukia mwenzake. "Umesikia hii mtu? Nasema kama kitabu ya padri!"

Mwenzake akaniuliza, "Wewe natoka wapi?"

"Tabora."

"Eh! Tabora nafundisha watu kuimba ama kusema?"

Wakacheka, wakanionyesha gari, wakanipa na sigara ya bure. Lakini nililipata somo langu la kwanza la mpakani. Kiswahili cha nyumbani kwetu huku kilikuwa nguo ya sikukuu. Ukikivaa kila siku watu wanakutazama. Basi nikajifunza kusema kama wao. "Nakwenda wapi," "hii mtu," "kuja hapa." Baada ya miezi michache hakuna aliyenicheka tena, nami nikajiona mjanja. Likumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililotaka kumuua mbwa.

Vijana mnaofanya kazi na wanyama siku hizi mna sindano nzuri na magari. Sisi wa idara ya mifugo pale Tororo tulikuwa na banda la mabati nyuma ya machinjio, ua wa seng'enge na fimbo ndefu yenye kitanzi cha waya. Kila wiki nilikwenda kizuizi cha mifugo Busia kuchukua mbwa waliokamatwa wakivuka mpaka bila cheti cha chanjo, maana kichaa cha mbwa kilikuwa kikiua watu pande zote mbili. Tuliwaweka bandani tukiwaangalia. Aliyeugua alikufa. Aliyekuwa mzima alirudishwa kwa mwenyewe. Aliyekosa mwenyewe tulimtafutia mtu wa kumchukua, na akikosekana, Bwana Daktari wa mifugo, Mzungu, alimpiga risasi. Hakufurahia kazi hiyo. Siku hizo alikuwa akikaa ndani ya gari lake kwa muda na kiko kisichowaka.

Mkubwa wangu alikuwa Wandera, Msamia wa upande wa Kenya, mtu mfupi mwenye tumbo na utani usiokwisha. Alikuwa ameoa kijiji cha Kirewa, kwa Wapadhola wa jirani na Tororo, na alizijua lugha zote za hapo. Alinipa jina la Bwana Tabora siku ya kwanza na sikupata jingine. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na alianza kwa kunicheka nikiwa nimeng'atwa.

"Ulimwangalia machoni?"

"Ndiyo."

"Ukamwinamia?"

"Ndiyo."

"Ukamwekea mkono kichwani kama askofu?"

"Ndiyo."

"Basi ulikuwa unamkaribisha akung'ate, na yeye ni mbwa mwenye adabu, akakubali."

Sikieni basi alivyonifundisha. Mbwa mwenye hofu usimkabili uso kwa uso. Mpe ubavu. Kaa chini, shika kazi nyingine mikononi, kunja waya, menya muhogo, chochote, usionekane unamtaka yeye. Chakula usimpelekee mdomoni. Kirushe nyuma yako, aje akile ambako humwoni. Akipiga mwayo na hana usingizi, akilamba midomo na hajala, anakwambia umekaribia mno. Rudi nyuma. Na mbwa anayebweka na kurukaruka kwenye waya si lazima awe mkali. Wengi wa hao wanaogopa kuliko wale wanaojificha, ila wameona kwamba kelele huwafukuza watu.

Hapana alikuwa wa namna hiyo. Nilimkuta amefungwa kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya kizuizi cha Busia, mbwa mwekundu mwenye sikio moja lililochanika, na askari wa zamu hakujua nani alimwacha. Tulipomshusha Tororo alikwenda kona ya mwisho akageuza mgongo. Ukipita kimya, alitetemeka tu. Ukisimama umwite, aligeuka akawa mnyama mwingine: meno yote nje, mate yanaruka, seng'enge inalia.

Tulimwangalia siku zote zilizotakiwa, hakuwa na kichaa. Wandera akaanza kuwauliza watu kama wanamtaka. Karani wa stesheni: hapana. Mwalimu wa misheni: hapana. Mwenye kinu cha kusaga: alimtazama, akasema hapana mara mbili. Ndipo Wandera akasema, "Si basi huyu amekwisha kupata jina?" Tukamwita Hapana. Ilituletea mchezo. "Hapana amekula?" "Ndiyo." "Ndiyo amekula au hapana hajala?" Tulicheka hivyo, lakini tulijua hali yake. Bwana Daktari alikuwa amekwenda safari ya Karamoja, na alisema kabla ya kuondoka, kwa Kiswahili chake, "Mimi iko rudi, hii nyekundu hapana pata nyumba, basi." Hakuimalizia.

Mara moja tulidhani tumefaulu. Mfugaji mmoja Mteso wa Merikit alitaka mbwa wa kulinda ndama. Alikuwa mtu mpole. Tulimfunga Hapana nyuma ya baiskeli ndani ya tenga, wakaenda. Siku chache baadaye nikamwona yule bwana anarudi, tenga likiwa nyuma, uso wake umechoka.

"Ndugu yangu, chukua mbwa yako. Mimi nashindwa."

"Ameng'ata mtu?"

"Bora ang'ate! Mimi naita yeye vizuri, naita pole pole, 'kuja, kuja.' Yeye nakimbia. Nakimbia wapi? Naingia nyumba ya mama mkwe wangu! Nalala chini ya kitanda yake!"

Wandera akaanza kutingishika tumbo kabla mimi sijaelewa. Kwao, mkwe wa kiume haingii nyumba ya mama wa mkewe, na hata kuonana naye ana kwa ana ni jambo la aibu.

"Sasa ukafanya nini?"

"Nifanye nini? Nasimama nje, nageuza mgongo, naita 'kuja, kuja.' Mbwa nanguruma. Mama mkwe nalia ndani. Mke yangu nauliza, wewe nataka nini kwa nyumba ya mama? Watu yote nakuja kutazama!"

Tulicheka mpaka naye akacheka. Kisha akaniwekea kamba mkononi, na Hapana akarudi kwenye kona yake. Jioni ile sikucheka tena. Bwana Daktari alikuwa njiani kurudi, na Merikit ndiyo ilikuwa tegemeo letu.

Jambo lililotokea baadaye halikutokana na akili yangu. Lilitokana na mvua. Ilikuwa inanyesha ile mvua ya Tororo inayoufunika wote ule mwamba mkubwa ulio juu ya mji, nami nilikuwa nimekaa chini ndani ya banda, mgongo kwa Hapana, nashona seng'enge iliyotoboka. Mvua juu ya bati hunirudisha nyumbani hata leo. Nilikuwa nikimfikiria marehemu bibi yangu, ambaye alikuwa akiita kuku, mbuzi na wajukuu kwa sauti ile ile moja. Nilirusha kichwa cha samaki nyuma ya bega kama kawaida, na bila kufikiri nikasema kama yeye, "Haya njoo baba, njoo ule."

Nikasikia mifupa ya samaki inavunjwa. Kisha kitu cha baridi na majimaji kikanigusa kiwiko. Ilikuwa pua.

Sikugeuka. Nilishona seng'enge ile kama mtu anayeshona kanzu ya harusi. Nikasema tena, polepole, "Njoo." Akaja akasimama ubavuni pangu, pumzi yake inanuka samaki, akaniegemea kidogo, uzito kama wa kikapu kitupu.

Ndipo Wandera alipofika langoni na gunia kichwani kukinga mvua, akanipigia kelele, "Bwana Tabora! Kuja hapa!"

Alikuwa ananiita mimi. Hakuwa amemwona mbwa. Lakini Hapana aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akajibana konani, meno yote nje, na mkojo ukamtoka.

Wandera akashusha gunia kichwani, mvua ikimpiga.

"Nimesema nini?" akauliza.

"Usilirudie."

Alilirudia, bila shaka. Wandera alikuwa Wandera. Alilisema kwa sauti ya chini, na mbwa akaurukia waya. Kisha akasema "njoo," akasema "mkate," akasema "serikali." Mbwa alitetemeka tu. Akalinong'ona tena lile neno, na mbwa akaurukia waya.

Nani alimfanyia hivyo hatukujua kamwe. Lakini mtu aliyekaa na mbwa anaweza kuisoma hadithi hiyo bila kuambiwa. Kulikuwa na mwenye nyumba mahali fulani aliyekuwa akimwita kwa neno hilo, labda kwa upole, na akija anampiga. Si mara moja. Na sisi, watu wema wa banda la mabati, tulikuwa tumemwita kwa neno hilo hilo tangu siku ya kwanza, pole pole, tukidhani tunambembeleza. Mimi mwenye neno jingine la kuzaliwa nalo niliificha lugha yangu nisichekwe.

Vijana, mkisahau yote mengine shikeni hili: usimwite mbwa ili umwadhibu. Hata kama amekula kuku wako, ukimwita akaja, mpe kitu kizuri. Ukitaka kumkemea, mfuate alipo. Neno la kuitia ni mlango, na mlango ukishaujengea pigo nyuma yake hautafunguka tena.

Sasa tulijua ugonjwa, ila dawa ilikuwa ngumu zaidi. Pande hizo, nani haisemi "kuja"? Wazungu waliisema, askari, makarani, wauza sigara, wote. Mbwa alihitaji nyumba ambamo neno hilo halimo.

"Kirewa," Wandera akasema, "yuko mama mmoja mjane, Mama Owor. Mke wangu hununua simsim kwake. Yule hajui Kiswahili hata cha kuombea chumvi."

"Anataka mbwa?"

"Anataka kitu chochote chenye meno. Shemeji zake wanalisha ng'ombe wao katika karanga zake na kusema njia ilikuwa hapo tangu zamani."

Tulikwenda kwa baiskeli, Hapana katika tenga nyuma yangu, nikimsemesha Kitabora njia nzima. Mama Owor alikuwa mwanamke mrefu, mkono mmoja kiunoni. Wandera alimweleza kila kitu kwa Kidhopadhola, lugha ya Wapadhola. Alisikiliza, kisha akauliza swali moja, na Wandera akanitafsiria.

"Anauliza, huyo mbwa anaogopa Kiswahili chote, au ubaya tu wa hicho chenu?"

Nilimwonyesha namna ya kukaa ubavu na kurusha chakula nyuma. Akanitazama kana kwamba ninamfundisha kusonga ugali, akaketi kwenye mkeka, akaanza kupepeta simsim, ule ufuta wetu. Kila baada ya muda alitupa kipande cha ugali nyuma ya bega lake na kusema, "Bin." Ndilo neno lao la "njoo," fupi kuliko letu. Hakugeuka hata mara moja. Jua lilipokuwa linaelekea kuzama, Hapana alikuwa amelala nyuma ya mkeka, kidevu juu ya pindo la gauni lake.

Alimpa jina jipya. Pale watu humwita mbwa jina ambalo ni ujumbe kwa jirani, ili ukimwita mbwa wako jirani asikie na asiweze kukushitaki. Jina alilompa, kwa lugha yao, maana yake ni "Semeni Mchoke." Nilidhani mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Shemeji mmojawapo alikuwa amepigana vita kule Burma katika KAR, jeshi la Waingereza, na bado alivaa koti kubwa la jeshi hata juani. Akaja na ng'ombe wake njia ile ile. Akamkuta mbwa amesimama katika karanga. Na yeye, mtu aliyetembea dunia, akataka kuonyesha kwamba mbwa hawamsumbui. Akapiga vidole. "Wewe! Kuja! Kuja hapa!"

Pindo la koti likabaki mdomoni mwa Semeni Mchoke. Mwili haukuguswa. Lakini koti lilikuwa ndilo heshima yake, na yule bwana alikwenda moja kwa moja kwa chifu wa gombolola, yaani kata yao, akataka mbwa auawe. Siku hiyo hiyo Bwana Daktari akawa amerudi kutoka Karamoja. Chifu akamwita.

Tulikwenda kwa gari lake, Bwana Daktari, Wandera na mimi, na bunduki imelala nyuma ya kiti. Uwanjani kwa Mama Owor watu walikuwa wamejaa. Shemeji alishika koti juu kama bendera. Mama Owor alisimama mlangoni, mbwa nyuma ya miguu yake. Nilijua mbwa atapata nafasi moja tu. Akimrukia Bwana Daktari mbele ya watu wote, hakuna maneno yatakayomwokoa.

Bwana Daktari hakuwa mjinga. Alikaa chini mwenyewe, ubavu, akatazama pembeni. Akanyoosha mkono chini, kiganja juu. Kisha nikaona mdomo wake unafunguka.

"Bwana!" nikasema. "Tafadhali, neno hilo, hapana!"

Akanigeukia. "Neno gani?"

Ndipo nilipouona mtego. Ili nimweleze ilinipasa nilitamke, na mbwa alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Wandera alikuwa ameweka mkono mdomoni, sijui kwa hofu au kicheko. Watu wote wananingojea. Nikachuchumaa, nikafuta mchanga kwa kiganja, nikaandika kwa kidole, herufi kubwa: KUJA.

Bwana Daktari akasoma. Akamtazama mbwa. Akamtazama shemeji na koti lake. "Wewe nasema hii?" akamuuliza, akionyesha mchanga.

Shemeji akainama akasoma, maana jeshini alifundishwa kusoma. "Ndiyo, effendi. Mimi nasema—"

"Nyamaza!" tukasema sote watatu.

Mama Owor, ambaye hakujua kusoma, akamuuliza Wandera jambo, Wandera akamjibu, naye akasema maneno marefu kidogo akimwangalia shemeji. Uwanja mzima ukacheka, wanawake hasa.

"Amesema nini?" Bwana Daktari akauliza.

"Amesema," Wandera akajibu, "kwamba shemeji aliita, na mbwa akaja. Sasa analalamikia nini? Na tena nani alimwita yeye?"

Bwana Daktari akakung'uta magoti. "Mama, wewe naita yeye namna gani?"

Akatafsiriwa. Mama Owor akatembea mpaka upande wa pili wa uwanja, akatupitia sote, akampa mgongo mbwa. "Bin," akasema.

Semeni Mchoke akatoka mlangoni. Ilimbidi apite kati ya watu wote wale, miguu ya wanaume, koti, buti za Mzungu. Mkia ulikuwa chini, tumbo karibu liguse ardhi, na akapita. Alipofika akaegemea mguu wa mama yule.

Bwana Daktari alifuta maandishi yangu kwa buti lake, polepole, kisha akaenda garini. Nilidhani anafuata bunduki. Alirudi na kibati cha chanjo, akampa Mama Owor mkononi amfunge mwenyewe. Ng'ombe wa shemeji walipata njia nyingine. Ilikuwepo tangu zamani.

Nilikaa Tororo kwa muda baada ya hapo. Nilirudi kusema Kiswahili changu, nikachekwa, nikazoea. Nilipita Kirewa kila nilipopata sababu, na mara nyingine bila sababu, na kila nikifika nilisema "njoo," na yule mbwa aliielewa lugha yangu kama anavyoielewa ya mama yake. Kisha miguu yangu isiyotulia ikaanza kunisumbua, kama inavyonisumbua hata sasa ninapokaribia miaka hamsini. Nilisikia habari za kazi ya reli kule Tanga.

Siku ya kuondoka nilikwenda kuaga. Mama Owor alinifungia simsim katika jani la mgomba, akasema maneno ambayo Wandera hakuwepo kunitafsiria na sikuhitaji. Nikaanza kutembea kuelekea barabarani kungojea basi la Busia. Nilipogeuka, Semeni Mchoke alikuwa ananifuata. Alisimama katikati ya njia, mimi upande huu, nyumba upande ule, sikio lake lililochanika limesimama. Ananingoja niseme.

Vijana, nimekutana na mbwa wengi. Hakuna niliyetaka kumwita kama yule. Neno lilikuwa kwenye ulimi, la bibi yangu, na nilijua likitoka tu atakuja, hata mpaka kwenye basi, na basi lisingempakia, na angekuwa mbwa asiye na mtu kando ya barabara ya mpakani, kama nilivyomkuta.

Nikampa ubavu. Nikatazama pembeni. Nikaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Nyuma yake, kutoka kwenye simsim, sauti ikasema, "Bin."

Nilisikia miguu yake inarudi mbio juu ya majani makavu. Nikafunga viatu vyangu vizuri, nikaenda kupanda basi.